MAISHA YA BWANA SYLVESTER, ALIYETOA JINA LA MATRISI

Sisi tunaosoma hesabu tunaandika matrisi ubaoni karibu kila juma. Tunafuta mstari mmoja na safu moja, tunatafuta mineri, kisha kofakteri. Lakini ni wangapi kati yetu wanaojua nani alitoa jina la matrisi? Leo tunataka kuwaelezea maisha yake.

James Joseph Sylvester alizaliwa London tarehe 3 Septemba 1814, katika jamaa ya Kiyahudi. Mwaka 1831 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Ugonjwa ulimchelewesha sana, lakini mwaka 1837 alifanya mtihani mkubwa wa hesabu, akawa wa pili kati ya wote.

Kumbe diploma hakupata! Sheria ya wakati ule ilidai kila mwanafunzi atie sahihi kwamba anakubali vifungu 39 vya imani ya Kanisa la Uingereza. Sylvester alikuwa Myahudi. Hakuweza kusema anaamini jambo asiloliamini. Alikataa, akatoka mikono mitupu. Sisi tunaosoma katika shule ya Kiprotestanti tufikiri vizuri hapa: waliomfungia mlango walikuwa Waprotestanti.

Mwaka 1841 chuo kimoja cha Dublin kilimpa diploma. Mwaka uleule alivuka bahari kwenda kufundisha Virginia, Marekani, lakini aligombana na wanafunzi, na kazi haikudumu hata mwaka. Alikuwa mtu wa hasira ya upesi, tusifiche. Akarudi London, akafanya kazi ya kupiga hesabu za bima, kisha akasoma sheria. Huko kati ya watu wa sheria akapata rafiki, Arthur Cayley, naye mtu wa hesabu. Mchana mambo ya sheria, lakini wakikutana mazungumzo yao yalikuwa hesabu tu.

Determinanti zilikuwa zimejulikana tangu zamani: Leibniz aliziandikia mwaka 1693, na Cramer wa Geneva mwaka 1750. Mwaka 1850 Sylvester aliangalia ile meza ya namba yenyewe, mistari na safu, akaiita matrisi. Kwa Kilatini neno hilo ni tumbo la uzazi. Juu ya nini? Sababu ndani ya meza moja zinazaliwa determinanti nyingi ndogo, ndizo mineri. Mwaka 1858 Cayley akaonyesha namna ya kujumlisha na kuzidisha matrisi.

Tuchukue mfano: mstari wa kwanza 2, 1, 3, wa pili 0, 4, 1, wa tatu 1, 0, 2. Ukifuta mstari wa kwanza pamoja na kila safu kwa zamu yake, unapata mineri 8, −1 na −4. Ile ya katikati inageuzwa alama, basi kofakteri ni 8, 1 na −4. Zidisha kila moja na namba yake ya mstari wa kwanza: 16, 1 na −12. Jumla ni 5, ndiyo determinanti.

Tangu 1855 alifundisha katika shule ya kijeshi ya Woolwich, mpaka walipomstaafisha akiwa na miaka 55. Wengi wangeona kazi imekwisha. Lakini mwaka 1876 aliitwa Baltimore, Marekani, kwenye Chuo Kikuu kipya cha Johns Hopkins. Mwaka 1878 alianzisha huko gazeti la hesabu ambalo linatoka hata leo. Mwaka uleule alimsaidia msichana, Christine Ladd, kupokelewa kusoma, ingawa wanawake walikuwa wanakataliwa. Msichana huyo alimaliza masomo ya udaktari mwaka 1882, lakini chuo kilimpa diploma mwaka 1926 tu.

Sylvester mwenyewe alipewa diploma ya Cambridge mwaka 1872, kisha sheria ile kufutwa mwaka 1871. Alikuwa ameingoja miaka 35. Mwisho wa 1883 Oxford ikamchagua kuwa profesa, naye ana miaka 69. Alikufa London tarehe 15 Machi 1897.

Basi ndugu, tukiandika tena matrisi ubaoni, tumkumbuke mtu huyu aliyekubali kukosa karatasi kuliko kusema uongo kwa sahihi yake, na ambaye, alipopata nafasi, alimfungulia mwingine mlango.