Krapf, Kimvita na Siasa ya Lahaja

Historia ya isimu ya Kiswahili haiwezi kusimuliwa pasi na kumtaja Johann Ludwig Krapf. Wengi humfahamu kutokana na masomo ya historia kama Mzungu aliyeuona Mlima Kenya na kuasisi misheni ya Rabai. Sifa hizo ni za kweli, lakini zimeifunika kazi yake iliyodumu zaidi, yaani kuiandikia lahaja ya Kimvita sarufi na kamusi. Aidha, maisha yake yanadhihirisha jambo ambalo wapenzi wa lugha husahau mara kwa mara: hatima ya lahaja huamuliwa na mamlaka na biashara zaidi kuliko ubora wa utafiti unaofanywa juu yake.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Tangu ujana alivutiwa na lugha za kale, na baada ya kusomea Basel na Tübingen alijiunga na Church Missionary Society, chama cha wamisionari wa Kianglikana kilichokuwa na makao yake London. Mwaka 1837 alitumwa Ethiopia. Huko alijifunza Kiamhari na Kigeezi, kisha akajitosa katika lugha ya Waoromo, aliowaona kuwa ufunguo wa Afrika Mashariki nzima. Mambo yalipomwendea kombo na njia ya kurudi Shewa ikafungwa, aliamua kuwatafuta Waoromo kwa kupitia pwani ya kusini. Ni safari hiyo iliyomkutanisha na Kiswahili, lugha ambayo hakuwa ameikusudia.

Alifika Unguja Januari 1844. Sultani Seyyid Said alimpokea vyema na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Kufikia Mei mwaka huo, Krapf na mkewe Rosine walikuwa wamehamia Mombasa. Mji waliouingia ulikuwa bado na jeraha bichi. Miaka saba tu ilikuwa imepita tangu Seyyid Said alipouvunja utawala wa Mazrui mwaka 1837, na kuimaliza enzi ambayo malenga Muyaka bin Haji alikuwa ameitetea kwa tungo zake. Kimvita kilikuwa lahaja yenye hazina kubwa ya ushairi, lakini dola iliyokilinda ilikuwa imeanguka. Mamlaka, fedha na misafara ya pembe za ndovu vilikuwa vimehamia Unguja. Krapf, kwa hivyo, alianza kuichunguza lahaja ya mji ulioshindwa.

Mwezi Juni 1844 alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo. Msaidizi wake mkuu alikuwa Kadhi wa Mombasa, Ali bin Muhyiddin. Hili ni jambo la kuzingatiwa. Mwanachuoni wa Kiislamu, aliyebobea katika Kiarabu na Kiswahili, ndiye aliyemwongoza mmisionari wa Kikristo katika lugha ya wenyeji. Jina la Krapf limeandikwa katika vitabu vingi, ilhali la kadhi huyo hutajwa kwa nadra. Hata hivyo, pasi na elimu yake, mgeni aliyekuwa na miezi michache tu pwani asingethubutu kuianza kazi ya namna hiyo.

Msiba haukukawia. Julai mwaka huohuo Rosine alifariki kwa homa muda mfupi baada ya kujifungua, na kitoto chao cha kike kikamfuata. Mama alizikwa ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa bara. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa hoi. Alipopata nafuu alirejea kwenye maneno, akiyakusanya, akiyapanga na kuyalinganisha, huku akiendelea na tafsiri yake.

Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, na wawili hao wakahamia Rabai, miongoni mwa Wamijikenda. Kutoka hapo Krapf alisafiri hadi Usambara kwa Mfalme Kimweri na hadi Ukambani, ambako tarehe 3 Desemba 1849 aliuona Mlima Kenya. Taarifa ya theluji karibu na ikweta ilidhihakiwa na baadhi ya wataalamu wa jiografia wa Ulaya. Mwaka 1850, akiwa likizoni, alichapisha mjini Tübingen sarufi ya Kiswahili pamoja na orodha ya msamiati wa lugha sita: Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo. Kwa kuziweka bega kwa bega, alimwezesha msomaji kuona kwa macho yake kuwa lugha tano za mwanzo zina asili moja, na kwamba ya sita ni ya ukoo mwingine.

Utafiti wake, hata hivyo, haukuwa na mikono mitupu ya siasa. Waswahili walikuwa wakiiandika lugha yao kwa hati za Kiarabu kwa karne nyingi. Krapf alizijua hati hizo, na ndiye aliyepeleka Ujerumani miswada ya tenzi za kale, ukiwemo Utendi wa Tambuka, ambayo mwaka 1854 ilihifadhiwa mjini Halle. Pamoja na hayo, alipendekeza kwa makusudi hati za Kilatini, kwa kuwa alihofu kuwa hati za Kiarabu zingeufungulia Uislamu mlango wa bara. Mkono mmoja uliihifadhi fasihi ya Waswahili, na mkono wa pili ukasaidia kuiondoa hati iliyoibeba fasihi hiyo.

Afya mbaya ilimlazimisha kuondoka mwaka 1853. Alirejea Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1860 kuwasaidia wamisionari wa Kimethodisti waliokuja kuasisi kituo cha Ribe, lakini sehemu kubwa ya maisha yake yaliyosalia ilipita Korntal, Ujerumani, akiishughulikia kamusi. Kazi hiyo ilijumuisha pia matokeo ya juhudi za Rebmann na mwenzao Erhardt. Krapf alifariki tarehe 26 Novemba 1881. Kamusi ilitoka London mwaka 1882, naye hakuishi kuiona.

Wakati huo mizani ilikuwa imekwisha kuegemea upande mwingine. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, alikuwa amechapisha mwongozo wake wa Kiunguja mwaka 1870. Kitabu cha Steere kilikuwa chepesi kutumia. Zaidi ya hayo, kilikuwa na nguvu ambayo hakuna mwandishi angeweza kuiunda: lahaja yake ilisafiri na misafara kutoka pwani hadi Tabora na Ujiji. Tawala za Kijerumani na Kiingereza zilipotafuta lugha ya ofisi na shule, ziliikuta Kiunguja njiani.

Wamisionari wa Mombasa hawakukubali kwa urahisi. Mwaka 1925 Harry Binns aliichapisha upya kamusi ya Krapf baada ya kuipanga na kuiandika upya. Lakini mkutano uliofanyika mwaka 1928 katika mji uleule wa Mombasa uliamua kuwa Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaundwa kuutekeleza uamuzi huo. Hoja ya ushairi ilishindwa na hoja ya idadi ya wasemaji na vitabu. Jambo hili halikuwa la Waswahili pekee. Mwaka 1956 serikali ya China iliagiza kuenezwa kwa lugha moja sanifu iliyojengwa juu ya matamshi ya Beijing, makao makuu ya nchi, ingawa lahaja nyingine kama Kikantoni zilikuwa na mamilioni ya wasemaji na sanaa zao wenyewe.

Je, Krapf alifanya kazi ya bure? La hasha. Kamusi ya Madan ya 1903 ilimtegemea, na kamusi sanifu ya 1939 iliyosimamiwa na Frederick Johnson ilijengwa juu ya ile ya Madan. Kwa njia hiyo, maneno aliyoyakusanya Mombasa na Rabai yaliingia katika Kiswahili sanifu kupitia mlango wa nyuma. Mwanafunzi anayemsoma Muyaka mjini Eldoret leo hukutana na mato badala ya macho, nti badala ya nchi na ndia badala ya njia, na huenda akadhani kuwa malenga ameboronga ili kutosheleza vina. Krapf alikwisha kuonyesha kuwa hiyo ni lugha kamili yenye kanuni zake. Usanifu uliipa lahaja moja cheo, lakini haukuzipokonya nyingine haki ya kuitwa Kiswahili. Atakayezitafiti leo atende haki ambayo Krapf aliitenda nusu tu: ayarekodi maneno, na awataje waliomfundisha maneno hayo.