Hans Meyer

Hans Meyer (Hildburghausen, 22 Machi 1858 - Leipzig, 5 Julai 1929) alikuwa mwanajiografia, mchapishaji wa vitabu na mpanda milima kutoka nchini Ujerumani. Anakumbukwa hasa kwa sababu yeye na Ludwig Purtscheller kutoka Austria ndio watu wa kwanza wanaojulikana kufika kwenye kilele cha juu kabisa cha mlima Kilimanjaro, tarehe 6 Oktoba 1889.

Maisha ya awali

Meyer alizaliwa katika familia ya wachapishaji. Babu yake, Joseph Meyer, alianzisha kampuni ya Bibliographisches Institut iliyojulikana kwa kamusi zake elezo. Hans naye alishiriki kuiongoza kampuni hiyo, na mali ya familia ilimwezesha kugharimia safari zake mwenyewe.

Majaribio mawili ya kwanza

Mwaka 1887 Meyer alifika Kilimanjaro kwa mara ya kwanza. Alipanda mpaka mwanzo wa ukuta wa barafu wa Kibo, lakini hakuwa na vifaa vya kukatia njia kwenye barafu, akalazimika kurudi.

Mwaka 1888 alijaribu tena akiwa na Oscar Baumann kutoka Austria. Walipokuwa Usambara, watu wa pwani wakiongozwa na Abushiri walikuwa wameanza vita dhidi ya utawala wa Wajerumani. Meyer na Baumann walikamatwa wakiwa njiani kurudi pwani, wakafungwa minyororo, na kuachiwa baada ya kulipa fidia. Mlima hawakuufikia.

Safari ya 1889

Kwa safari ya tatu Meyer alimchukua Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo huko Salzburg aliyekuwa na uzoefu mkubwa wa milima ya Alpi. Kwa kuwa pwani ya upande wa Wajerumani ilikuwa bado vitani, msafara ulianzia Mombasa na kupitia Taveta hadi Marangu, ambako Mangi Marealle aliwapokea.

Meyer alikuwa amejifunza kwamba mlima huu unamshinda mtu kwa njaa na baridi kabla ya kumshinda kwa urefu. Kilimanjaro hakina majira ya baridi kama ya Ulaya, lakini juu usiku maji huganda mwaka mzima, wala hakuna kuni wala chakula. Kwa hiyo aliweka kambi kwa ngazi: moja Marangu, nyingine juu ya msitu, na ya mwisho kwenye nyanda za juu chini ya Kibo, takriban mita 4,300 juu ya usawa wa bahari. Kila baada ya siku chache wapagazi walipandisha chakula na kuni, kisha wakashuka kwa njia ileile. Mwini Amani, mtu wa Pangani, alikaa kambi ya juu pamoja na Wazungu hao wawili, akipika na kulinda mizigo walipokuwa kwenye barafu.

Tarehe 3 Oktoba Meyer na Purtscheller walifika ukingo wa kasoko ya Kibo. Walikuwa wamechoka kwa kukata ngazi kwenye barafu kwa shoka, na wakaona kwamba sehemu ya juu zaidi iko upande wa kusini. Walirudi kambini, wakapumzika, kisha wakapanda tena. Ngazi walizokata zilikuwa bado zipo, na tarehe 6 Oktoba walifika kileleni. Siku hiyo Purtscheller alitimiza umri wa miaka 40.

Meyer alikiita kilele hicho Kaiser-Wilhelm-Spitze kwa heshima ya mfalme wa Ujerumani, naye alimpelekea mfalme jiwe kutoka huko juu. Kwa namna hiyo safari yake ilikuwa pia sehemu ya ukoloni.

Miaka ya baadaye

Mwaka 1898 alirudi Kilimanjaro pamoja na mchoraji Ernst Platz. Alikuta barafu imepungua kuliko alivyoiacha, na hivyo akawa miongoni mwa watu wa kwanza kuandika juu ya kupungua huko. Mwaka 1903 alichunguza milima yenye theluji ya Ecuador, na mwaka 1911 alisafiri Rwanda na Burundi. Kuanzia mwaka 1915 alikuwa profesa wa jiografia ya makoloni kwenye Chuo Kikuu cha Leipzig. Alifariki mjini humo akiwa na umri wa miaka 71.

Urithi

Kilele kikuu cha Mawenzi, ambacho yeye mwenyewe hakukifikia, kinaitwa Hans Meyer. Pango lenye jina lake liko kwenye Njia ya Marangu juu ya kituo cha Kibo. Lakini kilele alichokipa jina la mfalme kimeitwa Uhuru tangu mwaka 1961, wakati Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha mwenge na bendera ya Tanganyika. Vituo vya Bismarck na Peters vilivyojengwa wakati wa Wajerumani sasa ni Mandara na Horombo, kwa majina ya watawala wa Wachagga.

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1987 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwenye Njia ya Marangu wageni hupanda na kushuka kwa njia moja, pamoja na waongozaji na wapagazi wenye mizigo, kama ilivyokuwa mwaka 1889. Kwa muda mrefu vitabu vilitaja Wazungu wawili tu. Wenyeji wa Marangu wanamkumbuka pia Yohani Kinyala Lauwo kuwa mmoja wa walioongoza msafara ule, naye alitambuliwa kwenye maadhimisho ya miaka 100 mwaka 1989. Barafu ambayo Meyer aliikata kwa shoka imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912.