Florence Nightingale: Muuguzi Aliyeyachora Mauti

Jina la Florence Nightingale linapotajwa, aghalabu watu humkumbuka bibi aliyezunguka usiku baina ya vitanda vya majeruhi huku ameshika taa. Taswira hiyo si ya uongo, ila ni pungufu. Taa iliwafaa wagonjwa waliokuwa mbele yake. Michoro yake iliwafaa maelfu ya askari ambao hakupata kuwaona. Kwa yeyote aliyewahi kusimama mbele ya wakubwa akiwa na takwimu nyingi na muda mchache, maisha ya bibi huyu yana funzo kubwa.

Nightingale alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence nchini Italia, nao mji huo ndio uliompa jina. Wazazi wake walikuwa Waingereza wenye ukwasi. Baba yake, William Edward Nightingale, aliwasomesha binti zake wawili nyumbani, jambo ambalo halikuwa la kawaida zama hizo. Florence aliipenda hisabati kupindukia. Hata hivyo, mwanamke wa tabaka lake alitarajiwa kuolewa na kukirimu wageni, na uuguzi ulihesabiwa kuwa kazi ya watu duni. Alipodhihirisha nia yake ya kuuguza, jamaa zake walimpinga kwa miaka mingi. Hakulegeza kamba. Mwaka 1851 alipata mafunzo huko Kaiserswerth, Ujerumani, na mwaka 1853 akawa msimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake jijini London.

Wakati huo Vita vya Krimea vilikuwa vinanukia. Mwaka 1854 Uingereza na Ufaransa ziliingia vitani dhidi ya Urusi zikiiunga mkono Dola ya Uturuki. Habari za majeruhi waliotelekezwa zilipofika London, waziri Sidney Herbert alimwomba Nightingale aende kuwaongoza wauguzi. Mnamo Novemba 1854 aliwasili Scutari, ng'ambo ya pili ya mlangobahari kutoka Istanbul, akiwa na wanawake 38. Alikuta jengo kubwa lililojengwa juu ya mifereji ya maji taka iliyoziba. Alinunua vifaa, akasimamia upishi na ufuaji, akahimiza usafi. Licha ya jitihada hizo, zaidi ya askari 4,000 waliangamia hapo katika majira yale ya baridi. Mnamo Machi 1855 tume ya usafi ilifika kutoka Uingereza. Ilizibua mifereji, ikaondoa mizoga, ikapaka kuta chokaa na kufungua njia za hewa. Vifo vikapungua kwa kasi.

Aliporejea nyumbani mwaka 1856, Nightingale alipokewa kama shujaa. Yeye mwenyewe hakuona cha kushangilia. Aliketi na William Farr, mtakwimu stadi wa ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, wakazichambua hesabu za jeshi mwezi baada ya mwezi. Ukweli uliojitokeza ulikuwa mchungu. Katika mwezi wa Januari 1855 pekee, askari 2,761 walikufa kwa maradhi ambayo yangeweza kuzuiwa, ilhali waliokufa kwa majeraha walikuwa 83. Chungu zaidi ni kwamba hospitali ya Scutari, ambamo yeye mwenyewe alihudumu, ilikuwa miongoni mwa mahali palipoua zaidi. Angeweza kunyamaza na kuilinda sifa yake. Aliamua kusema.

Lakini angesemaje ili asikike? Tume ya Kifalme ilipoundwa mwaka 1857, ushahidi ulijaa majedwali marefu. Nightingale aliwajua mawaziri na watu wa ikulu: wangeyapekua majedwali hayo na kuyaweka kando. Farr aliridhika na takwimu kavu zisizopambwa. Nightingale aliona kwamba hesabu isiyosomwa haimwokoi mtu.

Ndipo alipobuni mchoro wake mashuhuri, uliochapishwa mwaka 1858. Aliligawa duara katika vipande kumi na viwili, kila kipande kikiwa mwezi mmoja. Samawati iliwakilisha maradhi yaliyozuilika, nyekundu majeraha, na nyeusi sababu nyinginezo. Wala rangi hazikubadilishwa maana njiani. Mwaka wa kwanza wa vita uliishia Machi 1855, na duara la pili likaanza Aprili, baada ya tume ya usafi kuwasili. Hivyo basi, aliyetazama aliona bahari ya samawati upande mmoja na kijidimbwi upande wa pili. Mchoro ulibeba hoja moja tu: uchafu ndio uliokuwa adui, na adui huyo angeweza kushindwa.

Wahenga hawakukosea waliposema macho hayana pazia. Hata hivyo, jicho hudanganyika pia. Katika umbo la awali la mchoro huo, idadi ya vifo ilipimwa kwa urefu kutoka kitovuni. Urefu ukiongezeka maradufu, eneo huongezeka mara nne, kwa hiyo mtazamaji angedhani msiba ni mkubwa kuliko ulivyokuwa. Katika umbo lililofuata, eneo lenyewe ndilo lililolingana na idadi. Nightingale alitaka kushawishi, lakini si kwa kutia chumvi.

Fauka ya hayo, alichora mistari miwili miwili kulinganisha vifo vya askari walioishi kambini wakati wa amani na vya raia wa rika lao. Askari walichaguliwa kwa afya njema, lakini walikufa karibu mara mbili ya raia. Mchoro huo haukuhitaji maelezo mengi. Kambi na hospitali zilianza kurekebishwa, na chuo cha tiba cha jeshi kikafunguliwa mwaka 1860. Mwaka huohuo Nightingale alianzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas. Chama cha Takwimu cha London nacho kilikuwa kimempokea kuwa mwanachama wake wa kwanza wa kike.

Maradhi yalimdhoofisha tangu aliporudi vitani, na kazi nyingi aliifanya akiwa chumbani mwake. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910 akiwa na umri wa miaka 90, akazikwa kijijini East Wellow pasipo fahari. Leo kompyuta humchorea mtu chati kwa dakika moja, na slaidi husheheni rangi na mapambo tele. Nightingale alikuwa na wino na karatasi, lakini kabla ya kuchora alikwishajua ni jambo lipi anataka lionekane, na ni nani sharti alione.