Dr. Martin Luther na Vita vya Moyo Wake

Martin Luther alizaliwa Eisleben, katika nchi ya Ujerumani, tarehe 10 Novemba 1483. Akafa katika mji huo huo tarehe 18 Februari 1546. Habari ya hoja zake 95 za mwaka 1517 wasomaji wetu wanaijua. Leo twapenda kueleza vita alivyopigana ndani ya moyo wake.

Mwaka 1505 aliingia katika nyumba ya watawa wa Augustino huko Erfurt. Akafunga, akakesha, akaungama dhambi zake kwa muda mrefu, wala asipate raha. Maana kila alipokwisha kuungama alikumbuka dhambi nyingine. Mkubwa wake, Johann von Staupitz, akamwelekeza kumtazama Kristo msalabani. Hata alipokuwa akifundisha Waraka kwa Warumi huko Wittenberg, miaka ya 1515 na 1516, akatambua ya kuwa mambo mawili yaonekanayo kupingana ni kweli yote mawili: mtu aaminiye ni mwenye haki kwa ajili ya Kristo, naye papo hapo angali mwenye dhambi kwa asili yake. Walakini si nusu hivi na nusu hivi. Hapo walimu wengi hujikwaa: wakifundisha neema peke yake, mwanafunzi hujivuna, wakifundisha sheria peke yake, hukata tamaa.

Majaribu hayakumwacha hata alipokwisha kupata sifa. Mwaka 1527 maradhi na hofu ya roho vilimwangusha sana. Mwaka huo huo tauni ikaingia Wittenberg. Chuo kikahamishiwa Jena, bali Luther akabaki kuwahudumia wagonjwa. Nasi twadhani ya kuwa mtu asiyeijua hofu yake mwenyewe asingaliweza kuketi vema karibu na wenye kuogopa.

Mwaka 1542 binti yake Magdalena, mwenye miaka 13, aliugua sana. Baba yake alimpenda mno, akatamani abaki. Hata hivyo akamweka katika mapenzi ya Mungu. Mtoto akafa mikononi mwake. Luther alifurahi rohoni kwa kuwa binti yu salama, na mwilini aliona uchungu mwingi, wala hakuficha hili wala lile. Siku chache baadaye akamwandikia rafiki yake Justus Jonas ya kuwa yeye na mkewe Katharina iliwapasa kumshukuru Mungu, lakini hawakuweza kushukuru pasipo kulia.