Mendel: Jamaa aliyefeli mtihani, akafaulu kwa minji

Siku hizi kuna soya inayotoa mafuta yasiyoharibika haraka kwenye kikaango. Nyuma yake kuna mtawa mmoja, Gregor Mendel, jamaa aliyefariki 1884 bila hata cheti cha ualimu.

Alizaliwa 1822 kwa wakulima, kijiji cha Heinzendorf, leo Jamhuri ya Czech. Karo ilikuwa shida kweli kweli. Dadake mdogo, Theresia, alitoa sehemu ya mali aliyotengewa ya kuolewa nayo ili kakake asome. (Baadaye Mendel aliwasaidia wanawe kusoma.)

Mwaka 1843 akaingia monasteri ya Brno. Mtihani wa ualimu akafeli 1850, akapelekwa Chuo Kikuu cha Vienna, akarudia 1856. Wapi! Akabaki mwalimu wa muda.

Karibu wakati huo ndipo alijitosa kwenye njegere, hizi hizi minji zetu. Alichavusha kwa mkono mimea ya mbegu za mviringo na ile ya mbegu zenye makunyanzi. Kizazi cha kwanza, zote mviringo. Sasa makunyanzi yameenda wapi? Kizazi kilichofuata yakarudi: mviringo 5,474, makunyanzi 1,850. Yaani robo hivi. Hebu fikiria kuhesabu hizo zote, moja moja, bila kompyuta.

Akang'amua kwamba kila mmea hubeba urithi mara mbili, wa baba na wa mama. Ule dhaifu hujificha tu, haupotei. Leo tunaita jeni.

Alisoma matokeo yake mbele ya watu Brno 1865, hakuna aliyeshtuka. Makala yakachapwa 1866, kimya. Akafanywa mkuu wa monasteri 1868, na muda wake ukaliwa na ugomvi wa kodi na serikali. Wanasayansi walikuja kuamka 1900, mwenyewe kaburini miaka 16.

Sasa hiyo soya. Kwa kawaida, asidi ya oleiki, inayofanya mafuta yadumu, haifiki hata robo ya mafuta yake. Watafiti Marekani walichukua soya mbili, kila moja ikiwa na hitilafu kwenye jeni tofauti, wakazichavusha. Hakuna jeni ya kigeni iliyoingizwa. Katika wajukuu, mbegu zilizorithi hitilafu zote mbili kutoka pande zote zilifika karibu asilimia 80 ya oleiki. Mbegu kama hiyo hutokea moja kati ya 16. Robo ya robo, na robo yenyewe ni ile ya makunyanzi.