Penfield: Daktari aliyejifunza siri ya ubongo jikoni mwa dadake

WENGI waliowahi kusoma habari za ubongo wa binadamu wamekutana na jina la Wilder Penfield, hata kama hawakulitia maanani. Ndiye aliyeuletea ulimwengu ule mchoro mashuhuri wa kijitu mwenye mikono mikubwa na midomo minene, aliyelazwa juu ya ubongo kuonyesha ni sehemu gani inayotawala kiungo gani. Mchoro huo ulimjengea sifa kote duniani. Hata hivyo, mojawapo ya mambo mazito zaidi aliyoyafichua, yaani namna binadamu anavyopanga shughuli zake na kuzifuata hatua kwa hatua, hakulipata kwa waya wa umeme wala kwa darubini. Alilipata jikoni, na aliyemfunza alikuwa dadake wa kuzaliwa naye.

Penfield alizaliwa Januari 26, 1891, mjini Spokane, katika jimbo la Washington, Marekani. Babake alikuwa daktari, lakini kazi yake ilipozorota familia ilitengana, na Wilder akiwa na umri wa miaka minane mamake akampeleka Hudson, Wisconsin. Mama huyo alikuwa na azma moja kuu: mwanawe apate ufadhili wa masomo wa Rhodes. Kijana akasoma kwa bidii, akacheza kandanda ya Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Princeton, na hatimaye akaupata ufadhili huo, akaenda Oxford.

Huko Uingereza alikutana na Charles Sherrington, mwanasayansi wa neva ambaye mafunzo yake yalimwonyesha kwamba ubongo ulikuwa nchi ambayo haijapimwa. Mnamo Machi 1916, meli aliyokuwa akisafiria, Sussex, ilishambuliwa na Wajerumani katika mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Penfield alijeruhiwa vibaya, akauguzwa nyumbani kwa daktari mashuhuri William Osler. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka wa 1918. Baada ya miaka kadhaa ya upasuaji jijini New York, na ziara za masomo Madrid na Breslau, alihamia Montreal, Kanada, mwaka wa 1928 pamoja na mwenzake William Cone.

Alikuwa hajamaliza hata miezi minne huko mtihani mkubwa wa maisha yake ulipobisha hodi. Dadake, Ruth, aliyekuwa mkubwa wake na mama wa watoto sita, alikuwa akisumbuliwa na kifafa tangu usichana wake. Sasa hali ilikuwa imegeuka na kuwa mbaya. Uchunguzi ulionyesha dalili za uvimbe ndani ya fuvu la kichwa.

Desturi ya madaktari, ambayo ina busara yake, ni kwamba mtu hamtibu jamaa yake wa karibu, sembuse kumpasua. Mkono unaweza kutetemeka, au huruma ikamfanya mpasuaji asitishe kisu mahali ambapo hangesita kwa mgeni. Lakini katika mwaka huo wapasuaji wa ubongo walikuwa wa kuhesabika, na Penfield alijiona kuwa na ujuzi ambao wengi hawakuwa nao. Mnamo Desemba 1928 alilifungua fuvu la dadake.

Alichokikuta kilikuwa uvimbe mkubwa katika sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kulia. Ili kumpa Ruth nafasi ya kuishi, alikata karibu sehemu yote hiyo ya mbele upande wa kulia, akaishia umbali mdogo tu kutoka eneo linaloendesha mikono na miguu. Hata baada ya kukata kiasi hicho, hakuweza kuutoa uvimbe wote.

Ruth alipona jeraha. Jambo lililowashangaza watu ni jinsi alivyoonekana hajapungukiwa na chochote. Aliongea vizuri, aliwakumbuka watu na mambo ya zamani, adabu yake ilikuwa ile ile, na alijua fika yaliyompata. Laiti Penfield angekuwa daktari wa kawaida anayemwona mgonjwa kwa dakika chache kliniki, angeandika kwamba kipande kikubwa kama hicho cha ubongo kinaweza kuondolewa bila hasara. Lakini alikuwa nduguye, na ndugu hualikwa chakula.

Miezi 15 hivi baada ya upasuaji, Ruth alijitolea kuandaa chakula cha jioni kwa mgeni mmoja, ambaye alikuwa Penfield mwenyewe, na watu wanne wa nyumbani. Hayakuwa mapishi ya karamu. Alikuwa na siku nzima ya kujitayarisha, naye aliingojea shughuli hiyo kwa furaha. Hata saa ilipowadia, Penfield alimkuta jikoni amechanganyikiwa na kufadhaika. Vyakula vyote vilikuwepo. Kimoja au viwili vilikuwa tayari motoni. Lakini saladi haikuwa imetengenezwa, nyama haikuwa imeanza kupikwa, na mpishi alikuwa amechoka kwa juhudi za muda mrefu alizozifanya peke yake.

Yeyote aliyewahi kupika anaelewa ugumu uliokuwepo. Kila kazi peke yake Ruth aliiweza: kukata mboga, kuwasha jiko, kuonja chumvi. Kilichopotea ni uzi unaoziunganisha kazi hizo, yaani kujua kwamba nyama itangulie kwa kuwa huchelewa kuiva, kwamba mboga zikatwe nyama ikiwa motoni, na kuyashika hayo yote akilini huku mikono ikishughulika na jingine. Akisaidiwa kupanga, mambo yalimwendea vyema. Akielezwa njia mbili na kuulizwa ipi bora, alichagua kwa busara. Kuzibuni njia hizo mwenyewe ndiko kulikomshinda.

Uvimbe ulirudi. Ruth alipasuliwa tena, safari hii na Harvey Cushing, bingwa wa wakati huo wa upasuaji wa ubongo huko Boston, lakini haikusaidia kwa muda mrefu. Aliaga dunia mwaka wa 1931.

Penfield alikiri katika tawasifu yake kwamba uchungu wa kushindwa kumponya dadake ndio uliomsukuma kutafuta fedha za kujenga kituo ambamo wapasuaji, wanasayansi wa maabara na wanasaikolojia wangefanya kazi chini ya paa moja. Mwaka wa 1932 Wakfu wa Rockefeller ulitoa zaidi ya dola milioni 1.2, na Taasisi ya Nyurolojia ya Montreal ikafunguliwa Septemba 1934. Mwaka uliofuata, Penfield na Joseph Evans walichapisha katika jarida la Brain taarifa ya wagonjwa waliokatwa sehemu kubwa ya mbele ya ubongo. Kisa cha Ruth kilikuwa mojawapo. Kusoma taarifa hiyo ya kitaalamu, iliyoandikwa kwa lugha kavu, huku ukijua mwandishi alikuwa akimzungumzia nani, si jambo jepesi.

Katika miaka iliyofuata, jina la Penfield lilivuma kwa upasuaji wa kifafa. Kwa kuwa ubongo wenyewe hauhisi maumivu, alitumia dawa ya ganzi kichwani tu, mgonjwa akabaki macho. Kisha aligusa ubongo kwa ncha ya waya yenye umeme hafifu na kumsikiliza mgonjwa. Mahali pamoja kidole kilicheza, pengine ulimi ukafa ganzi. Baadhi walisikia wimbo wa zamani au sauti ya mama akimwita mtoto. Penfield aliamini kwamba ubongo huhifadhi kila tukio kama ukanda wa filamu. Hapo huenda alivuka mpaka wa ushahidi, maana kati ya wagonjwa 520 aliowagusa katika sehemu za pembeni mwa ubongo, ni 40 tu walioyapata maono ya aina hiyo.

Na sehemu ya mbele je, ile iliyokatwa kwa Ruth? Waya ulipogusa eneo lililo mbele kabisa, mara nyingi hapakuwa na lolote. Wataalamu waliliita eneo la kimya. Chombo kilichompa Penfield umaarufu hakikuwa na la kusema mahali pale ambapo mlo wa jioni ulikuwa umesema mengi.

Aliyeendeleza uchunguzi huo ni Brenda Milner, mwanasaikolojia Mwingereza aliyejiunga na taasisi hiyo mwaka wa 1950. Mwaka wa 1963 alionyesha kwamba waliokatwa sehemu ya mbele hushindwa kubadili mkondo. Wakipewa kadi za kupanga kwa rangi, kisha kanuni igeuzwe kimyakimya iwe ya umbo, huendelea kupanga kwa rangi hata wanapoambiwa kila mara kwamba wamekosea. Mwaka wa 1982, yeye na Michael Petrides waliwapa wagonjwa picha kadhaa na kuwataka waguse kila moja mara moja tu, kwa mpangilio wautakao wenyewe. Waliokatwa sehemu ya mbele walirudia picha walizokwisha kugusa, kwani hawakuweza kuushika akilini mpango wao wenyewe.

Uwezo huo wa kushika mambo machache akilini kwa muda mfupi huku ukiyatumia ndio wanasayansi huuita kumbukumbu ya kazi. Si sawa na kumbukumbu ya harusi yako au ya darasa la kwanza, ambayo Ruth hakuipoteza. Mwaka wa 1971, Joaquín Fuster na Garrett Alexander waligundua kwamba seli za sehemu ya mbele ya ubongo wa nyani huendelea kutoa ishara wakati mnyama anasubiri, chakula kikiwa kimefichwa asikione. Eneo la kimya halikuwa kimya tena.

Jijini London, mwaka wa 1991, Tim Shallice na Paul Burgess waliwatoa nje ya maabara wagonjwa watatu walioumia sehemu ya mbele ya ubongo, wakawatuma madukani na orodha fupi ya shughuli. Wagonjwa hao walikuwa na alama nzuri katika mitihani ya akili. Sokoni walivurugikiwa.

Penfield hakuishi kuyaona hayo. Alistaafu uongozi wa taasisi mwaka wa 1960 akageukia uandishi. Katika kitabu chake cha 1975 kuhusu fumbo la akili alisema kwamba katika miaka yote ya kugusa bongo za watu kwa umeme, hakuwahi kumfanya mgonjwa yeyote aamue jambo. Kwake, hiyo ilikuwa ishara kwamba akili si ubongo mtupu, dai ambalo wanasayansi wengi wa leo hawalikubali. Aliimaliza tawasifu yake wiki chache kabla ya kuaga dunia mjini Montreal, Aprili 5, 1976, akiwa na umri wa miaka 85. Ilichapishwa mwaka uliofuata, na humo kisa cha Ruth kimesimuliwa kwa mara nyingine, sasa na kaka, si daktari.