Garcia de Orta, munganga aliyeandika dawa za Wahindi

Tarehe 4 Desemba 1580, katika muji wa Goa, magharibi ya India, mahakama ya dini ya Wareno iliamuru mifupa ya munganga mmoja ifukuliwe na kuchomwa moto. Alikuwa amekufa tangu 1568. Jina lake Garcia de Orta. Hakuna aliyemshitaki kwa dawa mbaya, kwani wakubwa wa serikali ile ile ndio walikuwa wagonjwa wake. Kosa lilikuwa la dini, na tutafika pale.

Garcia alizaliwa karibu na mwaka 1501 pale Castelo de Vide, Ureno, si mbali na mpaka wa Uhispania. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliokimbia Uhispania walipofukuzwa mwaka 1492. Lakini huko Ureno nako, mwaka 1497, mfalme akalazimisha Wayahudi wabatizwe. Basi mutoto akakua Mkristo mbele ya watu. Alisomea uganga Salamanca na Alcalá, akarudi kutibu na kufundisha Lisbon. Mwaka 1534 akapanda merikebu kwenda India, akiwa munganga wa Martim Afonso de Sousa, mkubwa wa meli za vita. Hakurudi tena.

Alifika India na elimu ya Galen na Dioscorides, waganga wa zamani wa Kigiriki. Ulaya ile wakati, kumpinga Galen ilikuwa sawa vile kumtukana mzee mbele ya ukoo. Lakini Galen hakuwahi kukanyaga Goa! Garcia alianza kutibu kuhara damu kwa dawa za kwao. Ziliposhindwa, akaenda kwa waganga Wahindi. Hao ndio wanaofuata Ayurveda, yaani elimu ya uhai, ambayo inaangalia chakula cha mgonjwa, usingizi wake, majira ya mwaka, na miti na mizizi inayomfaa. Walimwonyesha mti wa Malabar wa kuzuia kuhara. Aliutumia, na akakubali wazi kwamba kwa ugonjwa ule Wahindi walijua zaidi.

Alikuwa na shamba lake la miti ya dawa. Alimtibu pia mfalme Mwislamu wa Ahmadnagar, na kule alibishana kirafiki na mahakimu wa Kiarabu na wa Kiajemi. Kila jani aliuliza: linaitwaje kwa Kiarabu, kwa lugha za Wahindi, linaota fasi gani, wenyeji wanalitumia namna gani?

Mwaka 1563, pale Goa, alichapa kitabu. Kilikuwa kati ya vitabu vya kwanza kuchapwa India, na alikiandika kwa Kireno, si kwa Kilatini cha wasomi. Ni mazungumzo 59 kati yake na munganga wa kubuni anayeitwa Ruano, ambaye kila mara anakimbilia vitabu vya zamani. Mle kuna tangawizi, manjano, iliki, kasumba. Kuna mwarobaini, ambao majani yake yaliyopondwa na maji ya ndimu yaliwekwa juu ya vidonda. Kuna ukwaju: Waarabu waliuita tende ya India, na wasomi wa Ulaya wakafikiri ni tunda la mtende. Garcia alikuwa anauona mti wenyewe, akawasahihisha. Kuna pia datura, ambayo wezi waliwapa watu wapoteze akili ili wawaibie. Hapo ninamsifu: hakusema kila kinachotoka porini ni kizuri.

Sisi tunaoishi na kolera hapa Kivu tutashangaa kusoma jinsi alivyoieleza: macho yanaingia ndani, jasho la baridi, misuli ya miguu inakaza, na mutu anaweza kufa siku ile ile. Hakuna munganga wa Ulaya aliyeieleza wazi hivyo mbele yake.

Neno moja linaniuma. Jina lake tunalijua, lakini wale Wahindi waliomfundisha, karibu wote hawana jina ndani ya kitabu.

Na siri yake? Mahakama ya dini ilifunguliwa Goa mwaka 1560. Garcia alikuwa rafiki wa magavana, hakuguswa. Alipokufa, ulinzi ukaisha. Dada yake Catarina alikamatwa, akachomwa hai tarehe 25 Oktoba 1569, kwa kushika dini ya Kiyahudi. Walipohojiwa, watu wa jamaa walisema Garcia naye aliishika kwa siri. Ndiyo maana miaka 12 baada ya kifo chake wakaenda kumfukua.

Lakini kitabu kilikuwa kimeshatoka Goa. Mwaka 1567 Carolus Clusius, msomi wa mimea, alikuwa amekifupisha kwa Kilatini na kukichapa Antwerp. Waganga wa Ulaya waliendelea kukisoma.